Madoa ya ajabu kwenye picha za jua zilizopigwa kwa simu: yako angani au ndani ya kamera?

Mwalimu wa Bagamoyo

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bagamoyo, na nina mazoea ya kwenda ufukweni alfajiri kupiga picha za ngalawa zinaporudi kutoka kuvua huku jua likichomoza. Wiki mbili zilizopita nilikuza picha mojawapo ili niitumie katika somo la jiografia, nikaona kwamba sehemu ya chini upande wa kulia, juu ya maji, palikuwa na doa dogo la kijani linalong'aa, la mviringo uliokamilika, ambalo sikuliona kwa macho nilipokuwa pale. Jua lenyewe lilikuwa juu upande wa kushoto. Nilidhani ni taa ya chombo baharini, lakini nilipofungua picha za nyuma, zipatazo arobaini, nililikuta doa hilohilo karibu katika kila picha yenye jua ndani yake, tena kila mara mahali tofauti: mara liko juu ya mchanga, mara limekaa kwenye tanga, na katika picha moja liko mbele ya kifua cha mvuvi aliyesimama hatua kumi tu kutoka nilipokuwa. Hapo nikajua kwamba si taa ya chombo.

Nikaanza kuchunguza simu za wengine. Simu ya mke wangu haitoi doa la kijani, ila hutoa vidoa vyekundu vingi vilivyojipanga kwa safu kuzunguka jua, mithili ya nukta za kofia iliyodariziwa. Simu ya zamani ya mwalimu mwenzangu, ambayo aliielekeza kwenye jua la saa saba mchana, ilionyesha jambo lililonitisha zaidi: katikati ya jua jeupe palikuwa na duara jeusi, kama tundu. Na katika simu yangu mwenyewe, nilipotazama kwa makini, kuna waa jingine hafifu la kijivu ambalo halihami. Liko pembe ya juu kulia katika kila picha ya anga, jua liwemo au lisiwemo.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamegawanyika. Wapo wanaosema ni yale madoa ya jua yanayotajwa vitabuni, yaani sehemu nyeusi zinazojitokeza juu ya uso wa jua, na wapo walioona video mitandaoni inayodai kwamba kuna sayari iliyojificha karibu na jua na kwamba kamera za simu ndizo zinazoifichua. Mmoja wao aliniuliza mbele ya darasa kama ninaweza kuthibitisha kwamba si kweli, nikalazimika kumjibu kwamba kwa wakati ule sikuweza. Naomba msaada wenu. Madoa haya yako angani au ndani ya kamera? Kama ni ya kamera, je, simu zetu zina hitilafu, au jua limeziharibu? Ningependelea jibu ambalo wanafunzi wanaweza kulipima kwa mikono yao wenyewe kuliko jibu la kuamini tu.

Mpenda Nyota

Mwalimu, shikamoo.

Kwa maoni yangu, wanafunzi wako waliosema ni madoa ya jua hawajakosea. Miaka hii ya karibuni jua limekuwa katika kipindi chake cha kuchangamka. Mwezi Oktoba 2024 mashirika ya Marekani ya NASA na NOAA yalitangaza kwamba limefikia kilele cha mzunguko wake wa takriban miaka 11, na wakati wa kilele madoa huwa mengi. Mwezi Mei mwaka huohuo lilijitokeza kundi la madoa lililokuwa kubwa kiasi cha kuonekana kwa miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua bila darubini yoyote, nalo ndilo lililoleta ile dhoruba ya usumaku iliyoikumba dunia tarehe 10 na 11. Kamera za simu siku hizi zina pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, nyingi sana, kwa hiyo sishangai zikiyanasa. Duara jeusi la simu ya mwenzako ndilo hasa linalonishawishi, kwa kuwa madoa ya jua kweli ni meusi.

Fundi Kamera, Mombasa

Mwalimu, hujambo, nawe ndugu Mpenda Nyota, hujambo. Nimekuwa nikitengeneza kamera tangu enzi za filamu, na swali hili huletwa dukani kwangu mara nyingi, hasa na watu wanaodhani wameuziwa simu mbovu. Nitaanza na kipimo, kwa sababu ndicho Mwalimu alichokiomba.

Chukua mojawapo ya picha ulizonazo, lakini hakikisha haijapunguzwa kingo. Unganisha pembe zake kwa mistari miwili ya mshazari ili upate katikati yake halisi. Kisha chora mstari kutoka kwenye jua, uupitishe katikati, uendelee hadi upande wa pili. Doa lako la kijani litakuwa juu ya mstari huo, kwa umbali uleule au unaokaribiana sana na ule wa jua kutoka katikati. Ulisema jua lilikuwa juu kushoto na doa chini kulia. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Fanya hivyo kwa picha zako zote arobaini, na kama picha moja itakataa, uchunguze kwanza kama hukuikata. Kitu kilicho angani hakiwezi kujua katikati ya picha yako iko wapi, wala hakiwezi kuhama kila unapoisogeza simu kwa upana wa kidole.

Kipimo cha pili ni cha mnazi. Simama mahali ambapo shina la mnazi au ukingo wa jengo unalificha jua lakini anga la pembeni linabaki wazi, kisha piga picha. Doa litakuwa limetoweka pamoja na jua. Jongea hatua moja ili jua lichungulie, nalo litarudi.

Sababu yake ni hii. Lenzi ya simu si kioo kimoja, bali ni vipande vitano, sita au saba vya plastiki angavu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, na nyuma yavyo kuna kioo chembamba cha kuchuja mwanga usioonekana, kisha kihisi, yaani kipande kinachopokea picha. Kila mwanga unapoingia au kutoka katika kipande kimojawapo, sehemu ndogo huakisiwa na kurudi nyuma. Kioo kitupu huakisi takriban asilimia 4 kwa kila uso. Watengenezaji hupaka tabaka jembamba la kupunguza mwakisiko huo hadi chini ya asilimia 1, lakini hawawezi kuufuta kabisa. Kwa hiyo mwanga wa jua hugonga kihisi, sehemu yake hurudi hadi kwenye uso wa lenzi, nao uso huo huurudisha tena kwenye kihisi, mahali pengine. Hapo ndipo doa linapozaliwa. Rangi yake hutokana na tabaka hilohilo lililopakwa. Inamisha simu yako chini ya taa ya dari uitazame lenzi kwa pembeni, na utaona mng'ao wa kijani au zambarau. Ndiyo rangi hiyo.

Utauliza kwa nini basi doa hilo halitokei kwa mawingu au kwa kuta nyeupe. Linatokea, lakini ni hafifu mno halionekani. Tuchukue mfano kwamba kila uso unaakisi nusu ya asilimia 1. Mwakisiko wa mara mbili utabakiza sehemu 1 tu kati ya 40,000 ya mwanga wa awali. Kwa ukuta, sehemu hiyo ni sawa na kutokuwepo kitu. Lakini uso wa jua la mchana hung'aa zaidi ya mara 100,000 kuliko anga la buluu linalouzunguka, na ukiugawa kwa 40,000 bado unabaki na kitu kinachong'aa kuliko anga. Ndiyo maana pia taa za barabarani usiku hutoa madoa yaleyale, yamepangwa kinyume cha taa zenyewe. Hili litakufaa sana darasani, kwa kuwa wanafunzi wanaweza kufanya jaribio zima wakitumia tochi ya simu moja na kamera ya simu nyingine katika chumba chenye giza, bila kuhitaji jua hata kidogo.

Sasa kwako, ndugu Mpenda Nyota. Habari zako za jua ni sahihi, ila kamera hazifiki huko. Kamera kuu ya simu ya kawaida hutoa picha yenye upana wa pikseli 4,000 hivi kwa eneo lenye upana wa nyuzi takriban 70 za pembe. Jua lina upana wa nusu nyuzi tu. Ukipiga hesabu utakuta kwamba duara la jua linachukua pikseli kama 27. Dunia yetu ingeweza kupangwa mara 109 kwenye kipenyo cha jua, kwa hiyo doa lenye ukubwa wa dunia nzima lingechukua robo ya pikseli moja. Kundi lile la Mei 2024, ambalo upana wake ulikadiriwa kufikia dunia 15 hivi, lingechukua pikseli nne kasoro, na hata hizo zingezama ndani ya mwanga uliozidi kipimo. Zaidi ya hayo, doa la jua liko juu ya uso wa jua. Haliwezi kukaa kwenye tanga la ngalawa.

Binti Usangu

Fundi ameeleza vizuri, nami naomba kuongeza jambo moja nililoliona mwenyewe, kwa sababu watu wengi hulidharau doa hilo la kijani kana kwamba ni uchafu, ilhali ni picha kamili ya jua.

Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, wilayani Mbarali, siku jua lilipopatwa kwa umbo la pete. Watu walikuwa wengi mno uwanjani, wengine wametoka mbali. Nilikuwa na simu ya bei ndogo, na nilipoielekeza juu nilipata duara jeupe tupu, lile lile ambalo ningelipata siku yoyote nyingine. Hapakuwa na dalili ya mwezi. Nilikata tamaa nikaiweka mfukoni. Jioni, nilipokuwa nikifuta picha hizo ili nipate nafasi, niliona kwamba doa dogo la kijani pembeni halikuwa duara. Katika picha za mwanzo lilikuwa hilali, tena lililogeuzwa juu chini ukililinganisha na nilivyoona kwa miwani, na katika picha tatu za kuelekea saa sita mchana lilikuwa pete nyembamba iliyotimia. Jua lenyewe lilikuwa kali kupita uwezo wa kamera, lakini mwakisiko wake, kwa kuwa ulikuwa umepunguzwa mara maelfu, ulikuwa na mwanga wa kiasi kinachofaa. Nilikuwa nimefuta picha zaidi ya nusu kabla ya kutambua hilo, na mpaka leo hunisikitisha.

Naomba niseme neno kuhusu macho, kwa sababu siku ile niliona mambo ya hatari. Wapo waliotazama kupitia filamu za eksirei, wapo waliotazama jua ndani ya beseni la maji, wakiamini kwamba maji yanapoza ukali. Hayapozi kiasi cha kutosha, na filamu ya eksirei haizuii mwanga wote unaodhuru. Kinachofaa ni miwani iliyotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2, au kioo cha kuchomelea vyuma cha namba 14. Kutazama kioo cha simu hakuumizi jicho, kwa kuwa ni picha tu, lakini mtu anapotafuta jua mara nyingi hutupa jicho juu ya ukingo wa simu, na hapo ndipo anapojidhuru. Mwalimu, ukiwa na darasa zima, tahadhari hiyo itangulie.

Mdadisi wa Kigoma

Nakubali maelezo ya doa la kijani. Lakini mimi niliona picha yenye jua la pili kubwa, jeupe, upande wa kulia wa jua, kwa urefu uleule kutoka upeo wa macho. Hilo halikuwa ng'ambo ya katikati ya picha. Linaelezwaje?

Fundi Kamera, Mombasa

Ndugu, sijaiona picha hiyo, kwa hiyo nitakupa njia mbili za kuitenganisha. Kama kulikuwa na kioo cha dirisha, cha gari au cha ndege kati ya simu na jua, basi jua la pili ni mwakisiko wa kioo hicho, na hilo halifuati kanuni ya katikati ya picha. Kama hapakuwa na kioo, na walioshuhudia waliliona kwa macho yao, basi huenda ni jambo la kweli la angani: chembe za barafu zilizo katika mawingu membamba ya juu sana hupinda mwanga wa jua na kutoa vipande vinavyong'aa umbali wa nyuzi 22 kutoka kwenye jua, kulia na kushoto, hasa jua likiwa chini. Ukinyoosha mkono mbele yako na kupanua vidole, umbali kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo ni karibu kiasi hicho. Ukilificha jua nyuma ya nyumba, kipande hicho hubaki angani, tofauti na doa la lenzi.

Kuhusu sayari iliyojificha, dai hilo lilisema kwanza kwamba maafa yatatokea mwaka 2003, kisha likasogezwa hadi Desemba 2012. Kitu kinachong'aa kiasi cha kunaswa na simu mchana kingeonekana kwa kila mtu kutoka Bagamoyo hadi Kigoma, na kingekuwa upande uleule wa jua katika picha zote za siku hiyo. Mwalimu ana picha arobaini ambazo kila moja inaliweka doa mahali pake.

Mhandisi wa Picha

Habari zenu. Doa la kijani limeshughulikiwa vya kutosha. Naomba nizungumzie duara jeusi na vidoa vyekundu, kwa kuwa hivi havitokani na lenzi peke yake bali na kihisi.

Duara jeusi linaeleweka kirahisi kwa mfano wa mizani ya sokoni. Muuzaji mwaminifu hupima kwanza chombo kitupu, kisha hupima chombo chenye bidhaa, na kutoa uzito wa kwanza katika wa pili ili apate uzito wa bidhaa yenyewe. Kihisi cha simu hufanya vivyo hivyo kwa kila pikseli: husoma kiwango cha pikseli ikiwa tupu, halafu husoma baada ya kupokea mwanga, na tofauti ya masomo hayo mawili ndiyo inayokuwa picha. Njia hii huondoa kelele nyingi za umeme. Lakini jua la mchana ni kali kiasi kwamba katika ule muda mfupi wa kupima chombo kitupu, chombo kinakuwa kimeshajaa. Kipimo cha kwanza kinakuwa sawa na cha pili, tofauti inakuwa sifuri, na sifuri kwa kamera ni nyeusi. Kwa hiyo mahali penye mwanga mwingi kuliko pote panatoka pakiwa na giza. Vihisi vya kisasa vina sakiti inayotambua hali hiyo na kuirekebisha, ndiyo sababu Mwalimu ameliona kwenye simu ya zamani tu. Jua likishuka na kufifia, duara hilo litatoweka. Mwenzako ajaribu siku moja saa saba mchana na saa kumi na mbili kasoro jioni.

Vidoa vyekundu vya simu ya mke wa Mwalimu ni ndugu wa doa la kijani. Uso wa kihisi una mamilioni ya pikseli zilizopangwa kwa safu zilizonyooka kabisa, na mpangilio wa namna hiyo hutawanya mwanga kwa pembe maalumu, kama upande unaong'aa wa CD unavyotawanya mwanga wa taa kuwa rangi. Mwanga uliotawanywa hurudi hadi kwenye kile kioo cha kuchuja, nacho huurudisha kwenye kihisi ukiwa umegawanyika katika nukta nyingi. Nukta hizo zina safu kwa sababu pikseli zina safu.

Kuhusu uharibifu, sitaki kumtisha mtu wala kumdanganya. Tundu la lenzi ya simu lina upana wa milimita 2 hadi 3, na mwanga wa jua unaopita hapo ni wa nguvu ya miliwati chache tu. Picha ya kawaida ya machweo haitaidhuru simu. Hata hivyo, mwanga huo hukusanywa kwenye kisehemu kidogo sana cha kihisi, na kuiacha simu imelielekea jua la mchana kwa dakika nyingi ili kurekodi video si jambo la busara. Kabla ya kupatwa kwa jua kwa Aprili 8, 2024 huko Amerika Kaskazini, NASA ilitahadharisha kwamba kihisi cha simu kinaweza kuharibika kama kihisi kingine chochote kikielekezwa moja kwa moja kwenye jua, hasa mtu anapobandika lenzi ya kukuza mbele ya kamera. Mwanga wa leza katika kumbi za muziki nao huua pikseli. Ili kujua kama pikseli zimekufa, funika lenzi kwa kidole gizani upige picha: nukta inayong'aa mahali palepale katika kila picha ya giza ni pikseli iliyoharibika.

Waa la kijivu lisilohama ndilo pekee ninaloona linahitaji fundi. Mwalimu, je, kamera yako ina protekta, yaani kifuniko chembamba kinachobandikwa juu ya lenzi ili kuikinga?

Mwalimu wa Bagamoyo

Ndugu zangu, nashukuru sana, na naomba radhi kwa kukawia. Nilitaka nirudi na majibu ya vipimo.

Tulichora mistari kwenye picha 31, kwa kuwa 9 nilikuwa nimezikata na kusahau. Katika zote 31 doa la kijani lilikaa kwenye mstari. Wanafunzi walipima kwa rula, na tofauti kubwa kabisa kati ya umbali wa jua na umbali wa doa kutoka katikati ilikuwa milimita 2 kwenye karatasi ya A4. Kipimo cha mnazi tulikifanya nyuma ya jengo la shule, mimi nikiwa nimeishika simu na wao wakiwa wamelipa jua mgongo, wakitazama kioo tu. Kijana aliyeniuliza mbele ya darasa ndiye niliyemwita asimame karibu nami na kuhesabu: jua likijificha, doa hakuna, likichungulia, lipo. Alirudia mara saba. Baadaye tulifunga madirisha ya maabara tukafanya jaribio la tochi, na sasa kila mwenye simu darasani ana doa lake, la rangi yake, na wanayalinganisha.

Simu ya mwenzangu imefanya kama Mhandisi alivyosema. Saa saba mchana duara jeusi lilikuwepo. Jioni, jua lilipokuwa jekundu juu ya minazi ya magharibi, halikuwepo.

Kuhusu protekta, ndiyo, ilikuwepo. Niliibandika kwenye kamera miezi mitatu iliyopita. Nimeibandua. Waa la kijivu limetoweka kabisa, na nilipoishika protekta hiyo dhidi ya dirisha nikaona kiputo cha hewa chenye vumbi pembeni. Doa la kijani limepungua ukali lakini lipo, nami nimeridhika nalo.

Limebaki jambo moja. Wanafunzi sasa wanauliza kama kuna njia ya kuyaona madoa ya jua yaliyo ya kweli, bila hatari na bila vifaa vya gharama. Shule ina darubini ndogo ya macho mawili, iliyoandikwa 8x, tuliyopewa kwa ajili ya kutazamia ndege.

Mpenda Nyota

Mwalimu, kwanza nakiri kwamba nilikosea kuhusu kamera, na hesabu ya pikseli 27 nimeirudia mwenyewe hadi nikaikubali. Katika hili la pili nadhani ninaweza kusaidia.

Darubini hiyo inatosha, mradi mtu yeyote asiweke jicho lake nyuma yake hata kwa nukta moja, maana ndiyo njia ya hakika ya kupofuka. Ifunge imara kwenye kiti au kigoda, funika lenzi moja kwa kifuniko chake, na uielekeze nyingine kwenye jua kwa kutazama kivuli cha darubini ardhini: kivuli kikiwa kifupi kuliko vyote, umelenga. Weka karatasi nyeupe mita moja nyuma yake, ndani ya boksi ili pawe na kivuli. Utapata picha ya jua yenye kipenyo cha sentimita 7 hivi. Zungusha gurudumu la kurekebishia mpaka ukingo wa jua ukatike vizuri. Usiiache kwenye jua zaidi ya dakika moja au mbili kwa mara moja, kwa sababu vioo vya ndani hupata joto. Wanafunzi waweke alama za penseli juu ya madoa, waandike tarehe na saa. Njia hii ya kutupa picha ya jua kwenye karatasi ndiyo aliyoitumia Galileo katika michoro yake ya mwaka 1612, akiwa amefundishwa na mwanafunzi wake Benedetto Castelli, na kwa kufuata alama za siku hadi siku alionyesha kwamba jua linazunguka. Doa hutumia takriban wiki mbili kuvuka uso wa jua tunaouona.

Vumbi la darubini nalo litaonekana kama doa. Iguse darubini kidogo: doa la jua litasogea pamoja na picha ya jua, na vumbi litabaki mahali pake.

Mwalimu wa Bagamoyo

Tulifanya Jumamosi saa tatu asubuhi. Wanafunzi waliona madoa mawili karibu na katikati na kimoja kidogo sana pembeni, ambacho kilithibitika kuwa vumbi. Jumatatu saa ileile waliweka karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza dirishani: madoa yote mawili yalikuwa yamesogea kwa zaidi ya sentimita moja na nusu kuelekea ukingo, yakiwa bado yamefuatana.

Mchoro wa Jumatatu nimeupiga picha kwa simu yangu. Madoa mawili ya penseli yapo, na la kijani halipo.